Kagera kwa mtumbwi wa mtu mmoja: Nani hutoa ruhusa ya mto wa mpaka?

*Maji ya vyanzo viwili vinavyogombewa vya Nile hukutana Rusumo, wilayani Ngara. Anayetaka kuyafuata kwa kafi hukuta bwawa la umeme, hifadhi mbili za taifa zinazotazamana, na mpaka unaopita katikati ya mkondo.*

Rusumo, kwenye mpaka wa Wilaya ya Ngara na Rwanda, ndiko Mto Ruvuvu unaotoka Burundi unakoungana na mto unaotoka Ziwa Rweru ukiwa na maji ya Nyabarongo, na mwendo mfupi chini ya maungano hayo Kagera hujibana kati ya miamba na kuporomoka kwa takriban mita 15. Mtu anayeshuka kwa chombo kidogo, kiwe mtumbwi wa gogo au kayaki, yaani kimtumbwi chembamba kilichofunikwa juu ambamo mpiga kafi mmoja huketi akiwa amenyoosha miguu, hana budi kutoka majini kabla ya kufika hapo.

Hapo ndipo tatizo linapoanza, kwa sababu ukingo wa kushoto ni Rwanda, wa kulia ni Tanzania, mbele yake kuna bwawa la kufua umeme, juu yake kuna daraja lenye maofisa wa nchi mbili, na hakuna njia iliyotengwa kwa ajili ya mtu aliyebeba chombo chake begani.

Hata akiwa na vibali mkononi, vibali hivyo vimetolewa na ofisi ambazo kila moja hutazama upande wake. Idara ya Uhamiaji humshughulikia mtu. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) hukishughulikia chombo. Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) husimamia ukingo wa kulia kuanzia pale hifadhi inapoanza. Na Rwanda ina mamlaka zake kwa nusu ya pili ya mkondo. Mto wenyewe, kama njia ya kupita, hauna ofisi.

Vyanzo viwili vinapokutana

Umuhimu wa Rusumo kwa wasafiri wa majini unatokana na ubishi wa zamani kuhusu chanzo cha Nile. Ziwa Victoria, ambalo John Hanning Speke alilitangaza kuwa ndicho chanzo, lenyewe hulishwa na mito, na mkubwa kuliko yote ni Kagera, kwa hiyo waliokuja baada yake walipanda juu zaidi. Mwaka 1898 Mjerumani Richard Kandt alilifuata tawi la Rukarara hadi katika msitu wa Nyungwe nchini Rwanda, na mwaka 1937 Mjerumani mwingine, Burkhart Waldecker, akafikia chemchemi ya Rutovu, kusini mwa Burundi, ambako palijengwa piramidi ndogo ya mawe.

Maji ya Kandt hushuka kupitia Nyabarongo, na ya Waldecker hushuka kupitia Ruvyironza na Ruvuvu hadi kuingia Ngara. Yeyote atakayeshinda katika ubishi huo, maji yake yanapita Rusumo, na ndiyo maana kila anayetaka kushuka Nile yote, kutoka chemchemi hadi Bahari ya Kati, hupita ukingoni mwa Wilaya ya Ngara, apende asipende.

Kutoka Rusumo mto huelekea kaskazini ukiwa mpaka wa Tanzania na Rwanda, hugusa Uganda, hugeuka mashariki, hupita Kyaka wilayani Missenyi, na kuishia ziwani karibu na Kasensero, ng'ambo kidogo ya mpaka wa Uganda. Rusumo iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari na ziwa liko kwenye mita 1,134, kwa hiyo, kwa mto wa takriban kilomita 400, wastani wa mteremko haufiki hata nusu mita kwa kila kilomita.

Wastani huo hauonyeshi sura ya mto. Sehemu kubwa ya mteremko imo katika maporomoko machache, ilhali katikati mto hulala karibu tambarare na kutapakaa katika vimaziwa na mabwawa ya mafunjo, yaani ile mimea mirefu ya majini yenye mashina laini yasiyo na fundo na kichwa kilichochanua kama fagio. Mizizi ya mafunjo hushikana na kufanya zulia linaloelea, na vipande vya zulia hilo vikikatika huchukuliwa na mkondo na kuziba mahali ambapo jana palikuwa na njia.

Juu ya mafunjo limeongezeka gugumaji, mmea wa kigeni ambao tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 umekuwa ukishuka na Kagera hadi Ziwa Victoria. Msafiri asiye mwenyeji hupotelea humu mapema zaidi kuliko anavyoweza kudhurika kwenye maporomoko, kwa kuwa maporomoko husikika kwa mbali na mafunjo hayana sauti.

Waliopita kabla

Ruhusa ya kupita katika nchi hii haikuwahi kuwa ya bure. Speke na mwenzake James Grant walipopita Usui mwaka 1861, eneo ambalo leo limo Biharamulo kwa sehemu kubwa, walicheleweshwa na kutozwa hongo, yaani ada ya kupita iliyolipwa kwa nguo, shanga na waya, na mtawala Suwarora, ndipo wakaruhusiwa kuendelea Karagwe kwa Rumanika. Msafiri wa leo anaweza kumwonea Speke wivu kwa jambo moja tu, nalo ni kwamba aliyetoa ruhusa alikuwa mtu mmoja.

Mwaka 1876 alifika Henry Morton Stanley na mashua yake, Lady Alice, iliyoundwa kwa vipande vilivyoweza kufunguliwa na kubebwa na wapagazi, ambayo mwaka uliotangulia alikuwa amelizunguka nayo Ziwa Victoria. Akiwa mgeni wa Rumanika aliiingiza Kagera kupitia mafunjo na kupanda nayo hadi Ziwa Ihema, ambalo leo limo katika Hifadhi ya Akagera nchini Rwanda. Chombo hicho kilikuwa na wapiga makasia, bunduki na jeshi dogo la wapagazi nyuma yake.

Kayaki zilikuja baadaye sana. Mmarekani John Goddard na Wafaransa Jean Laporte na André Davy walianza safari yao upande wa Burundi mwaka 1950, wakashuka Kagera, na baada ya miezi takriban tisa wakafika Bahari ya Kati mwaka 1951. Wakati ule pande zote mbili za mto zilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, Waingereza wakiitawala Tanganyika na Wabelgiji wakiitawala Ruanda-Urundi, na kivuli cha mpaka kilikuwa chepesi kuliko kilivyo sasa.

Msafara uliokwenda kinyume chao, kutoka baharini kupanda juu kwa boti za mpira zenye injini, ulifika Nyungwe mwishoni mwa Machi 2006 ukiongozwa na Neil McGrigor wa Uingereza pamoja na Cam McLeay na Garth MacIntyre wa New Zealand. Safari hiyo iligharimu maisha ya mtu, kwani Novemba 2005 Steve Willis, aliyekuwa akiwasaidia, aliuawa na waasi wa Lord's Resistance Army kaskazini mwa Uganda.

> Kati ya majina yote yanayotajwa katika vitabu vya safari za Kagera, hakuna aliyekuwa peke yake. Anayekwenda peke yake katika maji haya ni mvuvi.

Mpiga kafi asiyeandikwa

Kati ya majina hayo hakuna aliyekuwa peke yake, na jambo hilo husahaulika kila safari hizi zinaposimuliwa kama ushujaa wa mtu mmoja. Anayekwenda peke yake katika maji haya ni mvuvi, na huenda hivyo kwa sababu mtumbwi wake ni mdogo na samaki hawatoshi kugawanywa mara mbili.

Mtumbwi wa mto na wa vimaziwa vya Kagera kwa kawaida huchongwa kwa gogo moja. Mtu husimama au huchutama nyuma, akitumia kafi fupi penye kina, na upondo, yaani mti mrefu wa kusukumia, penye matope na mafunjo. Maji yanayoingia huyakumba kwa kopo. Wembamba wa chombo, ambao mgeni huuona kuwa hatari, ndio unaokiwezesha kupenya katika vichochoro vya mafunjo ambamo boti pana hukwama, na mtu aliyesimama huona juu ya majani mafupi kile ambacho aliyeketi katika kayaki hawezi kukiona.

Ustadi mkubwa zaidi wa mvuvi ni wa kuishi na kiboko. Mnyama huyu hushinda majini mchana na kupanda nchi kavu usiku kula majani, na hasira yake huwaka pale chombo kinapojiweka kati yake na maji yenye kina, au kati ya mama na ndama wake. Kwa hiyo mvuvi mzoefu hufuata ukingo, hukwepa kukata katikati ya bwawa, na akikaribia kona hugonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi, ili aliye chini ya maji apate taarifa na kuondoka kwa wakati wake.

Mamba hana desturi ya kuhama kwa kugongewa. Tarehe 7 Desemba 2010 Hendri Coetzee wa Afrika Kusini, aliyekuwa miongoni mwa wapiga kafi wenye ujuzi mkubwa kuliko wote barani Afrika na aliyekuwa ameshuka Nile kutoka Ziwa Victoria hadi baharini mwaka 2004, alinyakuliwa na mamba kutoka katika kayaki yake kwenye Mto Lukuga, mashariki mwa Kongo, huku wenzake wawili wakiwa karibu naye majini. Kisa hicho kinastahili kukumbukwa na kila anayedhani kwamba uzoefu pekee unatosha, na zaidi na anayedhani kwamba upweke unaongeza heshima ya safari.

Kuna pia maradhi yasiyo na meno. Maji yaliyotuama kandokando ya mito na maziwa ya ukanda huu yana konokono wanaoeneza kichocho, na mtu anayeshuka chomboni kila mara ili kukiburuta juu ya mafunjo huwa anaingia humo kwa miguu mitupu.

Hifadhi mbili zinatazamana

Chini ya Rusumo msafiri huacha vijiji na kuingia kati ya hifadhi mbili. Upande wa kushoto ni Akagera, iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1934, ikapunguzwa sana mwaka 1997 ili kupata ardhi ya waliorejea Rwanda baada ya mauaji ya kimbari, na ambayo tangu mwaka 2010 huendeshwa na Serikali ya Rwanda kwa ubia na shirika la African Parks.

Upande wa kulia ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori matatu ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 4,700. Pori la akiba lilikuwa eneo la wanyamapori ambamo uwindaji wa kitalii uliweza kuruhusiwa kwa leseni. Hifadhi ya taifa hairuhusu uwindaji, na Sheria ya Hifadhi za Taifa humtaka kila anayeingia awe na kibali.

Matokeo yake kwa mpiga kafi ni ya ajabu kidogo. Akiwa majini yuko kwenye mpaka wa nchi mbili, na akitia mguu ukingoni apumzike, awe amekwenda kushoto au kulia, ameingia hifadhini bila kupita langoni. Kwa kuwa hakuna anayeweza kuvuka eneo hilo lote la mafunjo bila kulala njiani, safari ambayo kwenye ramani inaonekana kuwa njia wazi ya maji huwa ni mfululizo wa makosa ya kisheria, kila usiku na kosa lake.

Hoja ya wahifadhi ni nzito na haifai kupuuzwa. Askari wa wanyamapori anayeona mtumbwi mmoja usio na taa ukishuka usiku hana namna ya kumtenganisha mtalii na jangili, na mafunjo hayo ni makazi ya nzohe, swala wa majini ambaye hujificha kwa kuzamisha mwili na kuacha pua nje, na ambaye hustuliwa kwa urahisi na vyombo vinavyopenya katika vichochoro vyake. Isitoshe, anayepotea lazima atafutwe, na gharama ya kumtafuta hulipwa na hifadhi.

Upande wa pili wako wanaoitakia mema sekta ya utalii ya kaskazini-magharibi. Wao huona kwamba hifadhi mpya za ukanda huu, zikiwamo Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa zilizotangazwa mwaka huohuo wa 2019, hazitaweza kushindana na Serengeti kwa wingi wa simba wala kwa barabara, na kwamba kitu ambacho Serengeti haina ni maji mengi ya namna hii. Rwanda imekwisha kuliona hilo, kwa kuwa safari za boti katika Ziwa Ihema ni sehemu ya kawaida ya ziara za Akagera, ilhali ukingo wa Tanzania unaotazamana nayo hauna shughuli inayofanana nayo.

> Akiwa majini yuko kwenye mpaka wa nchi mbili. Akitia mguu ukingoni, kushoto au kulia, ameingia hifadhini bila kupita langoni.

Mto uliobeba zaidi ya mitumbwi

Wanaouangalia mto kwa jicho la usalama wana kumbukumbu zao, na kumbukumbu hizo si za kubuni. Tarehe 28 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, katika muda wa takriban saa 24, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, ambako kambi ya Benaco ilijaa mara moja na kuwa miongoni mwa kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Chini ya daraja hilohilo mto ulikuwa ukichukua miili ya waliouawa hadi Ziwa Victoria, na wavuvi na wanavijiji wa upande wa Uganda walizika zaidi ya 10,000.

Kabla ya hapo, mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo lililo kaskazini mwa mto na kulipua daraja la Kyaka, yakidai kwamba Kagera ndiyo inayopaswa kuwa mpaka. Miaka iliyofuata janga la Rwanda, misitu ya Biharamulo na Ngara ilijulikana kwa majambazi wenye silaha za kivita, hata mabasi yakawa yanasindikizwa na askari. Kwa mtu aliyelelewa katika historia hiyo, chombo kidogo kisicho na namba kinachoshuka mto wa mpaka gizani si mandhari ya kupendeza.

Hata hivyo mpaka huu haukupaswa kumzuia mtu wa mtoni. Ulichorwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza katika makubaliano ya Waingereza na Wabelgiji ya mwaka 1919, na kwa miaka michache eneo la Gisaka, ng'ambo ya Kagera, lilibaki mikononi mwa Waingereza waliotaka kupitisha reli, ndipo likarudishwa Rwanda. Novemba 1934 dola hizo mbili zilitia saini London mkataba wa haki za maji kwenye mpaka wa Tanganyika na Ruanda-Urundi, na ndani yake mliandikwa kwamba wakazi wa pande zote mbili waruhusiwe kusafiri kwa vyombo katika mito ya mpaka, kuvua samaki, kuvuna mimea ya majini na kuchota maji ya nyumbani kwa mujibu wa desturi zao.

Kifungu hicho ni cha thamani, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya ndicho kilichosahauliwa kupita vyote. Tanganyika ilipopata uhuru, Julius Nyerere alitangaza kwamba mikataba ya nchi mbili iliyofungwa na mkoloni ingeendelea kwa miaka miwili tu, na baada ya hapo ingekoma isipokuwa ile iliyokubaliwa upya au ambayo sheria ya kimataifa ingeilinda. Msimamo huo, ambao wanasheria huuita Fundisho la Nyerere, uliikomboa nchi kutoka katika mkataba wa Nile wa mwaka 1929. Lakini pamoja na magugu uling'oa pia mmea mdogo wa haki ya mvuvi wa Ngara kupita majini bila kuulizwa.

Tangu Julai 2007 Rwanda na Burundi zimo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika mwaka 2010. Pamoja na hayo, mtu huvuka kihalali kupitia vituo rasmi, ambavyo wilayani Ngara ni Rusumo kwa Rwanda na Kabanga kwa Burundi. Kituo cha Rusumo, ambako maofisa wa nchi zote mbili hutoa huduma mahali pamoja, kilizinduliwa rasmi na Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame tarehe 6 Aprili 2016 pamoja na daraja jipya lililojengwa kwa msaada wa Japani. Kilijengwa kwa ajili ya malori, na kinayahudumia malori vizuri.

Maji ya umeme

Kizuizi kipya zaidi ni kituo cha umeme cha Rusumo chenye uwezo wa megawati 80, zinazogawanywa sawa kwa Burundi, Rwanda na Tanzania. Wazo lake ni la zamani, kwani lilikuwa miongoni mwa malengo ya Shirika la Bonde la Mto Kagera lililoundwa mwaka 1977 na nchi hizo tatu, Uganda ikajiunga baadaye, nalo likavunjwa mwaka 2004 kabla ya kujenga chochote hapo. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 340 za Marekani mwaka 2013, na njia ya umeme ya upande wa Tanzania inakwenda hadi Nyakanazi, wilayani Biharamulo.

Kituo hiki ni cha aina inayotegemea mtiririko wa mto bila ziwa kubwa la kuhifadhia maji. Mto huzuiwa kidogo, sehemu ya maji huingizwa katika handaki hadi kwenye mitambo, kisha hurudishwa mtoni. Kwa kijiji kinachopata taa hesabu hiyo haina mjadala. Kwa aliye ndani ya mtumbwi, mdomo wa handaki ni hatari ya namna mpya, kwa sababu maji yanayouelekea huonekana matulivu hadi karibu kabisa, tofauti na maporomoko ambayo yalikuwa yakimwonya mtu kwa ngurumo yake.

Bwawa la pili liko chini zaidi, Kikagati, kwenye mpaka wa Uganda na Tanzania, lenye megawati 14. Kwa hiyo anayesema leo kwamba anakwenda kupiga kafi Kagera yote bila kukutana na bwawa, anasema jambo ambalo limekwisha kupita wakati wake. Goddard na wenzake, mwaka 1950, waliweza kulisema.

Biharamulo iliyobaki na Burigi

Hali ya Biharamulo ni tofauti, na kwa kiasi fulani ni nyepesi. Wilaya hiyo ilikuwa na mwambao wa Ziwa Victoria pamoja na bandari ya Nyamirembe hadi Chato ilipomegwa na kuwa wilaya mwaka 2005, kisha ikahamishiwa Mkoa mpya wa Geita mwaka 2012. Kilichobaki cha kupigia kafi ni Ziwa Burigi, ziwa refu na jembamba lililo ndani ya hifadhi, katika eneo linaloiunganisha Biharamulo na wilaya jirani za Muleba na Karagwe, ambalo Speke na Grant walipita kandokando yake mwaka 1861 wakitoka kwa Suwarora.

Burigi haina mpaka wa kimataifa, haina bwawa la umeme, haina mkondo wa kumburuta mtu, na ina mwenye mamlaka mmoja anayejulikana jina na anwani. Viboko na mamba wapo, upepo wa mchana huinua mawimbi yanayotosha kuujaza mtumbwi maji, na kwa hiyo saa nzuri ni za asubuhi. Lakini hizo ni hatari ambazo askari wa hifadhi mwenye boti anaweza kuzisimamia, tofauti na hatari za Kagera ambazo nusu yake ni za makaratasi.

> Burigi ina mwenye mamlaka mmoja. Kagera, chini ya Rusumo, ina wengi, na hakuna anayeweza kumjibu msafiri kwa niaba ya wenzake.

Nini kifanyike

Safari ya mtu mmoja katika chombo kimoja haipaswi kuwa na maana ya mtu mmoja mtoni. Taratibu zikitungwa, ziruhusu kayaki au mtumbwi wa mtu mmoja kwa sharti la chombo cha pili chenye mwenyeji, na mwenyeji huyo alipwe kama mwongoza watalii, kwa kuwa elimu ya kugonga kafi kwenye kona haifundishwi chuoni.

Mahali pa kuanzia pawe pawili. Pa kwanza ni Burigi, kwa vibali vya siku moja vya TANAPA. Pa pili ni sehemu ya Ruvuvu ambayo kingo zote mbili ni Tanzania, ambako wananchi wamezoea kuvuka kwa mitumbwi na kwa kivuko cha Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA), na ambako Halmashauri ya Wilaya ya Ngara inaweza, kwa gharama ndogo, kuweka gati la kutokea majini na kibao chenye maandishi makubwa umbali wa kutosha juu ya bwawa la Rusumo. Kibao hicho kingemsaidia mvuvi kabla ya kumsaidia mtalii wa kwanza.

Kagera iliyo kati ya hifadhi mbili ibaki kwa boti za askari na za watalii wanaoongozwa, hadi Rwanda na Tanzania zitakapokuwa na kibali kimoja kinachotambuliwa kwenye kingo zote mbili. Chombo cha kuzikutanisha kipo tayari, nacho ni Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria yenye makao makuu Kisumu, iliyozaliwa na itifaki ya mwaka 2003. Na haki ya wakazi wa mpakani iliyoandikwa mwaka 1934 irudishwe kwa maneno mapya, kabla ya neno lolote kuandikwa kwa ajili ya wageni, kwa kuwa si haki mgeni mwenye kayaki ya plastiki kupata njia ya maji ambayo mwenye mtumbwi wa gogo ameipoteza.

Msomaji anayetaka kupiga kafi katika ukanda huu mwaka huu aanzie Burigi, asubuhi, akiwa na kibali cha hifadhi, jaketi la kuokolea maisha mwilini, na mwenyeji katika mtumbwi wa pili. Aliyekusudia kushuka kutoka Ruvuvu hadi Ziwa Victoria ajue kwamba, kwa utaratibu uliopo, safari yake itaishia Rusumo, kwenye dirisha la uhamiaji.